Kufuli la Nje

Nakumbuka siku moja niliyojificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nyumba hii hii, kufuli likiwa limefungwa kwa nje ili wageni wadhani sipo.

Mwanangu, sikupanga kukusimulia haya. Ila asubuhi ya leo nimekusikia kwenye simu ukimwambia baba yako mdogo wa Kiberege kwamba mmesafiri, mko Dodoma, na huku chapati zako zinaungua jikoni. Dodoma! Anakwambia kesho wanamleta mgonjwa, wewe unamwambia Dodoma kuna baridi sana. Nimengoja mpaka umemaliza chai. Sasa kaa hapo, na hiyo simu iweke chini.

Nyumba hii najua inavyochosha, usifikiri sijui. Mtu akishuka basi stendi, kabla hajafika geti la hospitali, lazima apite mlangoni kwetu. Wakati ule daraja lilikuwa halijajengwa, watu wa ng'ambo walivuka mto kwa pantoni, na nadhani humo ndani ya pantoni hawakuwa na habari nyingine ila jina langu. "Ukifika Ifakara shuka stendi, uliza kwa mke wa Deo." Mke wa Deo ndiye mimi, nina mwaka mmoja tu wa ndoa, nina vyumba viwili na blanketi moja la maana. Wakaja. Alikuja mjomba mmoja wa ukweni kung'oa jino, akakaa wiki tatu. Jino moja, mwanangu, wiki tatu, na uji anataka wa maziwa! Alikuja bibi aliyesema hawezi kulala chini, nikalala chini mimi. Wengine hata sikujua undugu wetu ulipitia wapi. Mgonjwa yuko wodini, wauguzaji wake wako kwangu, na asubuhi wananiuliza kama maji ya kuoga yamechemka.

Nilichoka mpaka nikawa mtu mbaya. Nikielewana na mtu, basi ni Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, naye alikuwa anateseka vilevile. Ndiye aliyenifundisha ujanja wa kufuli. Mimi naingia ndani, yeye anafunga kwa nje, anachukua ufunguo. Akija mtu na mkeka na sufuria, mizigo ya watu wanaokuja kuuguza, yeye anamwambia, "Hayupo, kaenda Kidatu." Na mimi nilimfanyia hivyo hivyo. Tulicheka sana, wajinga sisi.

Siku hiyo baba yako alikuwa Lupiro, kwao, amekwenda kuvuna mpunga. Asubuhi nikachungulia penye pazia, nikamwona Shangazi Theresia anakuja kutoka upande wa hospitali, mkeka kwapani. Huyu ni dada wa baba mkwe wangu, ndiye aliyemlea Deo. Kutoka upande wa hospitali, siyo wa stendi. Hilo lingetosha kunifanya nijiulize, lakini mimi niliuona mkeka tu. Nikagonga ukuta mara mbili, Mama Zuhura akaja mbio akafunga.

"Hodi hapa! Hodi mama!"

"Hayupo, shangazi, kaenda Kidatu," Mama Zuhura akaitikia akiwa uani kwake. "Leo sidhani kama atarudi." Kisha akajifunga kanga akaenda zake mashineni kukoboa mpunga, na ufunguo wangu ameufunga kwenye pindo.

Shangazi hakuondoka. Alikaa hapo barazani, mgongo ameuegemeza kwenye mlango. Mimi niko upande wa pili wa mbao hiyohiyo, sithubutu hata kukohoa. Njaa ikaniuma. Nikavuta sufuria ya wali wa jana, nikaanza kukwangua ukoko polepole. Jua likapanda, yeye yupo, mimi nipo. Baadaye nikamsikia anasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Sasa Deo nikamwambie nini?"

Nilisikia, mwanangu. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anataka kwenda kunishtaki kwa mume wangu. Nikasema moyoni, nenda kamwambie, mwambie hata kwa barua. Akainuka, akapangusa kanga, akaondoka.

Mama Zuhura aliporudi kunifungulia alikuwa anahema. Alipita karibu na geti la hospitali, akamkuta shangazi amesimama analia, akamuuliza. Deo ngiri ilikuwa imembana huko shambani, wamemvusha alfajiri kwa pantoni ya kwanza, amelazwa, madaktari wanamwandaa kwa upasuaji. Amekataa kuingia mpaka amwone mke wake. Shangazi alitumwa kunichukua. Kwa nini hakumwambia Mama Zuhura mapema? Kwa sababu kwao habari ya mume wa mtu kuwa mahututi haipigiwi kelele uani kwa jirani. Anaambiwa mke, ana kwa ana, akiwa ameketi.

Nilikimbia bila viatu. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapa, lakini nilipofika walikuwa wamekwisha kumwingiza. Alingoja, wakamwambia haiwezekani kungoja zaidi.

Shangazi alikuwa kwenye benchi. Nikapiga magoti, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umewahi kurudi kutoka Kidatu."

Akanisogezea nafasi nikae. Alikuwa amekasirika, lakini sauti aliishusha, maana watu walikuwa wengi.

"Nilikuwa nasikia kijiko, mama. Unakwangua ukoko, mimi nasikia. Nikajua upo. Nikakaa nikisema labda atanionea aibu, ataitika. Kama umechoka, umechoka, nani atakulaumu? Ungeitika ukasema shangazi leo sina nafasi, ningekwenda kulala barazani huko hospitali na wenzangu. Lakini ungeniuliza kwanza nani anaumwa."

Baba yako alitoka salama, Mungu ni mwema. Alipozinduka jambo la kwanza aliuliza nilikuwa wapi. Nikafungua mdomo. Shangazi akawahi. "Mkeo alikuwa Kidatu, Deo. Alipopata habari tu akarudi." Akanitazama mara moja, akaanza kumfuta jasho. Hakunitaja kwa mtu yeyote mpaka tukamzika yeye mwenyewe.

Na baba yako, miaka yote ile, mara kwa mara alikuwa ananiuliza, hivi Kidatu ulifuata nini siku ile? Nikamjibu sukari. Sukari! Alikufa akiamini nilikuwa Kidatu. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kumwambia ukweli na sikumwambia, na leo naumia zaidi kwa hilo kuliko kwa kufuli lenyewe.

Kwa hiyo sikuambii ulaze kila mtu anayeshuka basi. Watu wengine ni wasumbufu, nakubali, na yule wa jino hata leo akija simlazi. Ninachokuambia ni hiki: unayeishi hapa katikati ya stendi na hospitali, usijifiche. Huna nafasi, sema sina nafasi, umwonyeshe mtu nyumba ya wageni hapo mtaa wa pili. Uso kwa uso, au kwa sauti yako ya kweli kwenye simu. Na kabla hujasema lolote, uliza nani anaumwa. Nimekuuliza asubuhi hii mgonjwa wa Kiberege ni nani, ukasema hukuuliza. Ni mkewe? Ni mtoto? Ni yeye mwenyewe? Unaweza kunywa chai hujui?

Ningeweza kumpigia mimi. Nataka upige wewe, mbele yangu, useme huko Dodoma hukwenda.

Mungu akupe nyumba yenye nafasi na moyo usiochoka haraka. Na siku utakayolala wewe kitanda cha wodini, yule utakayemtuma aende kuita watu wako, asikalishwe barazani. Haya, okota simu.