Nilishtaki Baraza ya Jirani, Karani Akaandika Baraza Nyingine

Admin, ficha jina langu na la kijiji, maana hapa kwetu watu wanajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka sabini, naishi kwa ploti ndogo upande wa Ekero. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Hii siri nimekaa nayo tangu nikiwa mama mchanga, na sasa imenifikia shingoni.

Miaka ile miwa ilikuwa miwa. Mtu akivuna tu, anaezeka mabati, ananunua redio kubwa na kubadilisha hata mwendo. Jirani yangu, nimwite Makokha ingawa si jina lake, alijenga nyumba ya ghorofa, ya kwanza hapa kwetu. Akaona haitoshi. Akaongeza baraza ya mbao huko juu ya kupunga upepo, ikatokeza nje, ikapita bikoni ya mpaka wetu, ikaja kusimama juu ya jikoni yangu. Nguzo zilikuwa za mkaratusi mbichi, zimechomekwa kwa udongo bila simiti. Mvua ikinyesha, maji ya mabati yake yote yanamwagika kwa ukuta wangu wa matope. Na bafu yetu ilikuwa ya matete, haina paa. Wanaume kumi wako juu wanakunywa chai, wewe uko chini na sabuni yako.

Nilimwendea kwa heshima. Alikuwa akiniitanga mulamwa, yaani shemeji, kwa sababu walikua pamoja na mume wangu. Akacheka mbele ya wageni wake. "Mulamwa, si ujenge bafu yenye paa?"

Mume wangu alisema tumwachie Mungu. Mimi si mtu wa kuachia. Nilienda kaunsili, wale wa kusimamia majengo, wakaniambia ni kweli, jengo lazima liache nafasi kutoka mpaka na nguzo lazima zikaguliwe. Wakatuma afisa. Akapanda huko juu, akaletewa soda, akashuka akisema iko imara. Wiki hiyo hiyo nguzo moja ikazama, ubao ukaanguka pale mtoto wangu alikuwa amekaa akila viazi. Alikuwa ameinuka tu kufuata maji. Nikafunga kitambaa kichwani na kwenda moja kwa moja kwa ofisi ya chifu.

Chifu hakuwepo, nikampata karani. Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani, nikasema hivi: "Makokha ana baraza bila kibali."

Karani akaweka kalamu chini, akaniangalia. "Watu wangapi?"

"Jioni wanafika hata kumi na tano."

"Wanaongea nini?"

"Nitajua aje? Mambo ya miwa. Lori zinachelewa, kampuni inawadharau."

"Na kiongozi wao ni nani?"

Hapo ndipo nilielewa. Nyinyi vijana hamjui, siku hizo kukusanya watu bila ruhusa ya serikali kulikuwa hatari. Mimi nilishtaki baraza ya mbao. Yeye aliandika baraza ya watu, mkutano. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, naongea juu ya mbao na misumari." Maneno yalikuwa hapa kwa ulimi. Lakini nikakumbuka kile kicheko na ule ubao, nikasema, "Kiongozi ni mwenye nyumba." Nikatia sahihi.

Walikuja kumchukua asubuhi, kikombe cha chai kikiwa mkononi. Alirudi baada ya siku kumi na moja akichechemea, na sikio la kushoto halijasikia tena hadi leo. Alishika shoka, akaiangusha ile baraza yeye mwenyewe. Nilikuwa jikoni, nikahesabu kila pigo. Nilipata nilichotaka na sikuweza hata kula.

Wiki hiyo ya kukamatwa alikuwa amegombana na mdogo wake juu ya trekta kupita kwa miwa ya mwenzake. Basi akaamua ni mdogo wake aliyemuuza. Yule ndugu aliapa kwa mama yao, akalia mbele ya wazee, hakuna aliyemwamini. Mwishowe akahamia Navakholo na watoto wake. Nami nilikuwa kwa ule umati, nimebeba mtoto mgongoni, nimenyamaza.

Tangu hapo Makokha amekuwa mtu mwema kwangu. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyenilimia msimu mzima. Ukuta wa jikoni yangu, ule ule, alinijengea kwa matofali. Kila tofali lilinichoma.

Sasa yule mdogo wake amekufa. Anazikwa Jumamosi. Jana Makokha alikuja kwangu na bakora yake, akakaa hapo jikoni, nikamwekea chai. Akasema, "Siendi kumzika mtu aliyenitoa sikio." Nilijaribu. Nilimwambia pengine hakuwa yeye. Akainamisha lile sikio linalosikia, akauliza, "Kama si yeye, ni nani?"

Nikasema sijui. Miaka yote hii, na bado nikasema sijui.

Mjane wa marehemu amenipigia simu mara mbili akilia, anauliza kama Makokha atakuja, kwa sababu mumewe alikufa akimwita. Watoto wangu wanamwita Makokha baba. Nikisema, nitawapotezea baba na nitakufa peke yangu kwa hii ploti. Nisiposema, mtu anaingia kaburini na kosa langu.

Ninyi mnaosoma, msinitukane tu, nimejitukana ya kutosha. Niambieni nianzie wapi. Leo ni Alhamisi, na Makokha ameniomba niende mazishini kwa niaba yake. Alisema, "Mulamwa, wakikupa nafasi ya kuongea, waambie unachojua."