Bondia wa Kwetu na Bondia wa Goma

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilibeba magunia ya viazi kutoka Mudende kabla sijaota ndevu, nikavuka nayo mpaka wa Goma kwa miguu. Nimeona barabara ya mji huu ikipasuka katikati volkano ilipotema moto. Shule niliacha darasa la nne, na leo nina maghala mawili, malori matatu, na nyumba ya ghorofa ambayo wavuvi wa Rubona wanaiona wakiwa mbali ziwani. Kwa hiyo nikisema neno juu ya ngumi, nalisema kama mtu aliyekaa karibu na ulingo mpaka damu ikamrukia, si kama hawa vijana wanaojua kila kitu kwenye simu.

Hapa Gisenyi kuna swali moja linaloweza kuvunja viti katika baa yoyote: kati ya bondia wa kwetu na bondia wa Goma, nani mkubwa wa nyakati zote? Majina yao siyaandiki. Wa umri wangu wanayajua, na watoto wawaulize baba zao.

Wa Goma alikuwa fundi wa malori, shingo kama gogo. Hakujua kukwepa na hakutaka kujua. Alipigwa, akapigwa, akaja na ule mkono wake wa kulia mara moja, basi, kwisha. Nilimwona akilipiga jitu moja kutoka Bukavu mpaka taya ikahamia upande wa pili, na meno yakadondoka kwenye turubai kama punje za mahindi. Lile jitu lilibebwa na watu wanne, miguu ikiburuzika. Yeye alikuwa tayari ameomba maji.

Wa kwetu alikuwa mwembamba, mpakiaji wa kreti za bia, anatumia kushoto. Yeye hakukuangusha. Alikumenya. Alikuwa anashusha bega la kulia, anaficha kidevu nyuma yake, ngumi yako inapita juu ya sikio, na wakati huohuo ya kwake inaingia kwenye ini. Raundi ya kwanza unacheka. Raundi ya tano huwezi kunyooka. Kesho yake unakojoa damu na mke wako anakuuliza ni nini.

Walikutana mara mbili. Mara ya kwanza kule Goma, na wa kwao alimvunja wa kwetu taya. Nilisikia mfupa ukilia, nasema kweli, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Mara ya pili hapa kwetu. Wa kwetu alimpasua jicho la kushoto raundi ya tatu, kisha akaligonga hilohilo, hilohilo, kama mtu anayepigilia msumari, mpaka mwamuzi akamkumbatia kwa nguvu kumtoa. Shati langu jeupe lilipata matone. Lile jicho halikufunguka tena maisha.

Baada ya hapo wa kwetu hakushindwa tena na mtu. Lakini hakufundisha mtu pia. Alizeeka Rubona, mikono ikaanza kutetemeka, maneno yakamtoka nusu nusu. Nilikuwa naenda Jumapili kumshikia kikombe cha chai, kwa sababu akikishika mwenyewe kinamwagika kifuani. Akafa hivyo. Wa Goma naye, na jicho lake moja, alifungua mahali pa mazoezi ndani ya gereji.

Sasa binti yangu wa kwanza, ndiye aliyesoma kwa niaba yetu sote, akapenda kijana wa Goma. Siku ya kuposa ikapangwa, sherehe tunayoiita gusaba. Asiyeijua aelewe: familia mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema, na kila upande una msemaji wake. Msemaji wa binti anakataa, anatania, anatega maswali. Msemaji wa kijana anashuka, anasifu, anakubali kila kitu. Ni mchezo, na wasemaji wazuri wanalipwa. Baba wa binti anakaa kimya, anakunywa.

"Papa," binti yangu aliniambia, "kodi mutu aseme. Nakuomba. We ukianza kuongea hauwezi kuacha."

"Nilipe mutu aje kusema ndani ya nyumba nilijenga mimi?"

"Papa, huyu nimemungojea sana. Ukimukimbiza, na mimi utanitafuta."

Nilimsikia. Lakini nani angeongea kuliko mimi?

Siku ilifika. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mfanyabiashara wa vitenge, tumbo mbele, sauti kama honi.

"Muzee, tumekuja kuomba mutoto."

"Mutoto gani? Hapa iko viazi tu."

Watu wakacheka. Nikamwambia lori langu la kwanza lina akili kuliko kijana wake, akasema ndiyo, muzee, hata breki inamushinda. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimepamba moto. Nikasema: "Bon. Swali la mwisho, kisha nakupa binti. Kati ya bondia wa kwetu na bondia wa kwenu, mukubwa ni nani?"

Kwa desturi jibu ni moja tu: wa kwenu, muzee. Unakunywa, tunasonga mbele. Lakini yule bwana aliweka chupa chini.

"Muzee, niombe ng'ombe, nitakupa. Niombe uongo, sina."

"Rudia?"

"Wa kwenu alikuwa na mikono, sikatae. Lakini aliacha nini? Nionyeshe kijana mumoja alifundisha. Mumoja tu! Wetu, na jicho moja, iko na vijana mji muzima."

"Na jicho la pili liko wapi? Uliza mukono wa kushoto wa Rubona!"

Upande wetu ukapiga kelele. Nilifikiri nimemmaliza. Akasimama.

"Donc, tuseme yote. Wa kwenu alikufa anatetemeka, hata kikombe ya chai inamushinda. Huyo ndiye mukubwa?"

Kikombe kile nilikishika mimi.

Sikumbuki kuvuka zulia. Nakumbuka ngumi yangu ya kulia ikifika mdomoni mwake na kitu kigumu kikikatika chini ya vidole. Alianguka chali juu ya vikapu vya zawadi, damu ikitiririka kwenye shuka lake jeupe la heshima. Ndugu zake wakaja. Mmoja alinipiga kiti mgongoni, nikamkamata shingo nikamgonga kichwa kwenye mlingoti, hema likaanza kulala. Mpwa wangu alirusha chupa, ikampasua mtu paji la uso. Shangazi wa Goma alivua kiatu na kunichana shavu kwa kisigino. Watoto wanalia, kinamama wanamwita Mungu, "Mana yanjye!", na mimi naendelea kupiga, yeyote aliye mbele, kwa sababu kupiga naweza.

Ndipo bwana harusi akaingia kati. Hakuinua mkono. Nikamrushia ya kulia, ya kuua kabisa.

Akashusha bega, kidevu kikajificha nyuma yake. Ngumi yangu ikapita juu ya sikio.

Nikarusha nyingine. Bega lilelile. Nyingine tena. Ini langu lilikuwa wazi mbele yake, angeweza kunilaza, na hakugusa. Nilimuuliza huku nahema kama ng'ombe:

"Nani amekufundisha hii?"

"Mwalimu wetu, papa. Yule wa jicho moja."

"Muongo! Yeye hakujua kukwepa!"

"Anasema alijifunza kwa mutu aliyemutoa jicho. Kila jioni anatusimamisha kwenye mustari: 'Alifanya hivi, mufanye hivi.' Anamutaja kwa jina."

Mikono yangu ilishuka yenyewe. Nimesema hakuna kitu cha kunishangaza. Kile kilinishangaza, nakiri.

Binti yangu alikuwa mlangoni, amevaa mushanana wake, vazi la sherehe, ametoka kabla ya kuitwa. Alitazama damu, akamtazama yule mzee ameshika mdomo. "Utaenda Goma kuomba musamaha," aliniambia. "We, papa. Kwa miguu yako." Wageni waliondoka bila jibu.

Kwa desturi ng'ombe anatoka kwa kijana kuja kwa binti. Sijasikia mtu mwingine wa Gisenyi aliyempeleka upande wa pili, kwa watu waliokuja kumuoa mtoto wake. Hata katika hilo mimi ni wa kwanza. Nilivuka na kreti za bia na msemaji wa kukodi. Ng'ombe mwenyewe nilimwacha Mudende, upande wetu, kwa jina lao, kwa sababu mpakani ng'ombe anadaiwa karatasi kuliko mtu.

Yule baba mkubwa alinisubiri na pengo lake la mbele.

"Sasa, muzee, mukubwa ni nani?"

Nilifungua mdomo. Msemaji wangu akanifinya paja. "Wa kwenu, muzee," akajibu yeye. "Wa kwenu kabisa." Nikanyamaza. Pengo likacheka. "Basi lete mutoto," akasema.

Kunyamaza huko, ukijumlisha ng'ombe, bia, mahema, msemaji na meno mawili mapya ya yule bwana, kulinigharimu faranga milioni moja, laki mbili, elfu arobaini na tatu na mia tano.