Aliyevua kwa Sura ya Elia

Wengine wakisikia haya huniuliza siku ile nilikuwa nimekunywa nini. Chai ya rangi, nyumbani Kijenge, na mke wangu ni shahidi.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya umma vinauzwa. Mimi na rafiki yangu Elia tulipunguzwa kazi pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvua trauti, samaki walioletwa na wazungu zamani kwenye vijito vya baridi vya Mlima Meru. Unafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana mpaka ifanane na nzi, kisha unairusha itue taratibu juu ya maji. Hoteli moja mpya ya watalii iliwataka sana samaki hao. Mpishi wake, Mama Neema, aliniahidi kuwa nikileta wa kutosha atanisemea kwa meneja niajiriwe.

Basi nikarusha ndoana tangu asubuhi. Inanasa kwenye matawi. Naitoa, narusha tena, inanasa kwenye jiwe. Samaki nawaona kabisa, wananipuuza. Uzi ukakatika, nikafunga mwingine, vidole vimekufa ganzi. Niamini, nilikaribia kulia, mtu mzima.

Jioni ukungu ukashuka. Nikapanda juu kidogo, nikamkuta Elia amesimama katikati ya kijito, anavuta samaki mmoja baada ya mwingine.

"Mbona hukuniambia kama unakuja?" nikamuuliza.

"Lete kapu," akasema.

Akalijaza. Nilipogeuka kumuaga ndipo nikaona: maji yale ya kasi hayakugawanyika kwenye miguu yake. Yalipita kama vile pale hapana mtu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikimbia, na kapu nikakimbia nalo.

Nikapitia Lemara, nyumbani kwa Elia. Nilimkuta kitandani anatetemeka kwa malaria, mkewe anamkanda. Hakuwa ametoka nje siku nzima. Nilipomweleza, alijiinua kwa kiwiko.

"Na samaki wake ukachukua?"

Kazi niliitaka.

Kesho yake Mama Neema alimpasua samaki wa kwanza, akatoa matumbo, akamlaza kwenye sinia. Yule samaki akaendelea kuhema. Mashavu yanafunguka, yanajifunga. Akampasua wa pili, vilevile. Mama Neema akaweka kisu chini.

"Baba Glory, waondoe hapa. Na wewe usirudi."

Niliwarudisha kijitoni siku hiyohiyo, lakini haikusaidia. Mpaka leo trauti huja mpaka kwenye ndoana yangu, humtazama yule nzi, kisha hugeuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuma. Elia alipona, ila mlimani hapandi tena. Tukikutana huniuliza, "Alikuwa mimi kabisa?" Mimi humwambia hapana, alifanana nawe kidogo tu. Haniamini, na simlaumu.

Kwa hiyo sikia, wewe unayependa kuvua kule juu. Siku ukikosa, kubali umekosa, ushuke nyumbani mikono mitupu. Mkeo atanuna jioni moja tu.