Karanga Ndani ya Jeometri

Shule yetu ya usiku pale Bunia haikuwahi kuuona usiku. Kwa sababu ya vita ilifungwa saa kumi na moja, jua likiwa bado linatuchoma visogo, na siye wanafunzi, watu wazima wenye vitambi, tulirudi nyumbani mbio kuliko risasi.

Mwaka wa mtihani, wanajeshi waporaji walipita kwetu. Walibeba mlango, sufuria, hata harufu ya mboga ya sombe. Walibeba pia kompa na lati zangu, yaani bikari na rula za kuchorea jeometri. Mpaka leo najiuliza mwanajeshi alitaka kupima pembe gani. Mke wangu, aliyeuza karanga sokoni, alikuwa ameshasema wazi: nikianguka mtihani, madaftari yangu yote atayafungia karanga. Miaka sita ya masomo.

Siku ikafika. Swali la kwanza: chora pembetatu ya pande tatu zilizo sawa, ueleze. Wenzangu wakatoa kompa, mimi nikatoa jasho. Mikono hii, iliyokwisha kumkunjia mke wangu vifuko kama milioni tatu, ikaanza kazi bila kuniuliza. Nilipotazama, karatasi ya mtihani ilikuwa kifuko kilichochongoka vizuri kabisa, kinangoja karanga.

Inspekta akasimama mbele yangu.

"Papa, weye uko nauzisha nini hapa?"

"Jeometri, Mukubwa."

Ilibidi sasa niionyeshe. Nikakunjua kifuko, nikaikunja karatasi katikati kwa urefu, nikaifungua. Kisha nikaipandisha kona moja ya chini, ile ya pili ikibaki mahali pake, mpaka ikagusa mkunjo wa katikati. Nikatia alama hapo, nikaiunganisha na kona zote mbili za chini. Nikamweleza kwamba upande huu wa mshazari ni ule ule wa chini, umeinuka tu. Na wa tatu hauwezi kuupita wala kupungua, kwa kuwa alama iko katikati kabisa.

Akachukua orodha yake ya majina, akaikunja. Akarudia.

"Andika vile umesema," akaniambia. "Na usiongeze karanga."

Nilipita. Madaftari nilimpa mke wangu mimi mwenyewe, maana karatasi ilikuwa adimu kuliko amani, na mji mzima ukala karanga kutoka ndani ya jeometri yangu. Diploma ilipokuja, mke wangu aliitundika juu kabisa ukutani, mahali mikono yangu haifiki.