Baraza Juu ya Bwawa

Mume wangu alipofariki, waombolezaji walikosa pa kukaa. Nyumba yetu ya Randburg, huku Johannesburg, ilikuwa na bwawa la kuogelea lililokula karibu ua wote wa nyuma, na tangu tuinunue hakuna aliyeogelea humo. Watu waliotoka mbali kuja kunipa pole walisimama kulizunguka, viatu miguuni, vikombe vya chai mikononi, wakiogopa kuteleza. Kwetu Tanga msiba hutandikiwa mikeka, watu wakaketi hadi maneno yaishe. Nililitazama lile bwawa nikalichukia kwa moyo wangu wote.

Mwaka ulipopita nikaenda benki. Nyumba tulikuwa tumemaliza kuilipia, na miaka ile bei za nyumba zilikuwa zinapanda tu. Niliomba mkopo, nyumba yenyewe iwe rehani. Binti wa benki akaniuliza nataka kufanyia nini.

"Kufukia bwawa. Nijenge baraza, nipande migomba na matembele."

Akaweka kalamu chini. "Mama, bwawa linaipa nyumba bei. Unakopa ili uishushe?"

"Itashuka kwa anayetaka kuinunua," nikamjibu. "Mimi siiuzi."

Aliyewaka hasa ni wifi yangu, dada wa marehemu. Tulikuwa naye Morogoro miaka yao ya uhamishoni, walipoukimbia ubaguzi wa makaburu, na Kiswahili alikijua mpaka matusi yake.

"Eish, wifi! Nyumba ya kaka yangu unaiweka rehani kwa ajili ya ndizi? Umri huo? Ukishindwa kulipa, benki itakutoa nje na mikungu yako. Uza, uje ukae kwangu, chumba cha nyuma kipo."

Chumba cha nyuma! Nilimfuata kaka yake hadi nchi ya baridi, nikazoea watu wake na lugha zake, halafu niishie chumba cha nyuma kama sanduku la nguo kuukuu?

"Nyumba hii ina jina langu pia," nikamwambia. "Kama ni kutolewa, watanikuta nimekaa barazani kwangu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami yangu nilikuwa nimeshayafukia. Udongo ulikuja kwa malori. Fundi wa Kikongo akanijengea baraza la saruji, refu kama ukuta wa nyumba wenyewe, la kimo cha kumkalisha mtu mzima bila magoti kulalamika. Migomba niliipanda mwezi wa Machi, kwa sababu kwetu masika yakianza ndipo watu hupanda, na mikono yangu haikuuliza iko nchi gani. Masika gani Johannesburg? Machi huku mvua inaaga. Juni nyasi ziliamka nyeupe kwa baridi, na migomba yangu yote ikawa myeusi, imelala chini.

Wifi akaja kutazama. Hakucheka, na heri angecheka.

"Uza, wifi," akasema kwa upole.

Niliogopa, sitaficha. Upole wake ulinitisha kuliko makelele yake. Lakini hofu yangu ilikuja na hasira, na hasira ikanipeleka jikoni. Nikawa nakaanga maandazi na kuyapeleka kwa Wakenya na Watanzania wa maofisi ya Sandton, na nyama nikaiachia Jumapili. Benki ilipata chake kila mwezi.

Mvua za Oktoba zilipoanguka, mashina yaliyokufa yakatoa machipukizi. Jasiri haachi asili. Niliyapalilia nikiyasemesha kwa sauti, majirani wanisikie.

Jumapili moja wifi alipita akitoka kanisani, miguu imemvimba. Akavua viatu, akakaa barazani, mgongo kwenye ukuta uliopata jua. Nikampakulia ugali na matembele. Alikula akamaliza, akatazama migomba, akatazama pale bwawa lilipokuwa. Nilijua anamkumbuka kaka yake na wale watu waliosimama.

"Wifi," akasema hatimaye, "siku yangu ikifika, nisifanyiwe msiba wa kusimama. Watu wakae hapa."

Akainama kutafuta viatu vyake ili aondoke. Nikavisukuma kwa mguu hadi chini ya mgomba.

"Watakaa," nikamwambia. "Lakini kaa kwanza wewe, ungali hai."