Posa Niliyoikataa

Mwaka aliofariki mama, nilikuwa nimesoma skuli kitabu cha Kizungu cha binti aliyekataa kuolewa ili amtunze baba yake aliyefiwa na mke. Mji mzima ulimsifu. Nikaazimia kuwa kama yeye. Miezi sita nilimpikia baba huku nikimlilia mama jikoni, wali ukiungua, naye akiula hivyo hivyo.

Ijumaa moja natoka kisimani, nikakuta wazee watatu wamekaa na baba. Kwenye sinia palikuwa na barua ya posa, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Hata sikuuliza nani ananiposa; binti wa kitabuni hakuuliza. Nikapeleka kahawa, nikapiga magoti.

"Wazee wangu, niwieni radhi. Posa hii siikubali. Nitamtunza baba mpaka nife."

Baba akainamia kikombe chake. Shangazi yangu, Bi Mize, aliyekuwa amekaa mlangoni, akatema tambuu.

"Mwanangu, barua hiyo haikuja hapa. Ndiyo kwanza inatoka. Inakwenda Jadida, kumposea baba yako mke."

Mzee mmoja akakohoa. "Sasa tuiache?"

"Ipelekeni," alisema baba, bila kuinua uso. "Tena leo."