Fundi Pua Anajifunza Kuuliza

Walimwita Pua, ingawa pua yake ilikuwa ya kawaida tu. Jina alilipata kazini. Mteja akimletea kompyuta iliyozimika, Pua hufungua mfuniko, huinama juu yake kama mpishi anayeonja mchuzi kwa harufu, huvuta pumzi mara moja, kisha husema, "Hapa pameungua, pembeni ya feni." Na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka kumi na tisa pua hiyo ilimlisha yeye, mke wake, na mama yake mzazi, muuguzi mstaafu aliyehamia kwao baada ya magoti kumgomea.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya hospitali. Kompyuta za mapokezi, za maabara na za stoo ya dawa, zote alizitengeneza yeye. Kisha siku moja afisa ugavi akamwita ofisini na kumsukumia barua juu ya meza. Kuanzia mwaka ujao, mashine za hospitali zingeguswa na fundi mwenye cheti tu.

"Hizi mashine nazijua ndani nje," Pua alisema.

"Nani kabisha? Lakini mkaguzi akija hatauliza kama unazijua. Atataka karatasi."

Pua alitoka pale amenuna. Kufika nyumbani alikuwa ameshakata shauri. Karatasi wanaitaka? Wataipata.

Mafunzo yalikuwa ya wiki nane, jioni tatu kwa wiki, kwenye chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilijaa mle ndani hata Pua akajiona kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wote mafundi wazoefu, wengine wana mvi. Kila mmoja alikaa amekunja mikono akisubiri kuambiwa jambo asilolijua.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi aliyeanza maisha kwa kutengeneza mitambo ya simu. Siku ya kwanza aliwagawia kompyuta mbovu. Pua aliiponya ya kwake kwa dakika saba na kuegemea kiti.

"Umefanyaje?" mkufunzi akamuuliza.

"Si inawaka?"

"Naona inawaka. Nakuuliza umefanyaje."

Pua akanyoosha kidole ndani ya mashine. "Nimegusa hapa, na hapa." Alijua mkono wake ulikwenda wapi, ila hakuwahi kulazimika kuueleza mkono huo. Darasa likaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ndiye aliyefuata kuulizwa. Naye akakwama.

Wiki nane zikapita. Pua alihudhuria zote, lakini kitabu cha mafunzo alikisoma juu juu. Alijiambia kwamba mtihani ni wa kompyuta, na kompyuta ni zake. Matokeo yakatoka: sabini ndiyo alama ya kufaulu, yeye kapata hamsini na nane.

Alimwendea mkufunzi damu ikimchemka. "Swali linasema mteja kaleta kompyuta haiwaki, utaanza na nini. Nimejibu nitapima umeme. Kosa langu liko wapi?"

"Hukumuuliza mteja."

"Mteja anajua nini kuhusu kompyuta?"

"Anajua kilichotokea kabla haijazima. Wewe hukuwepo."

Nyumbani, mke wake alimsikiliza huku akikunja nguo. Lalamiko lilikuwa refu. Lilipokwisha akauliza, "Mtihani unarudiwa?"

"Baada ya wiki sita."

"Basi rudia," akasema, na kumtupia mashati yake.

Mama yake naye alikuwa amesikia yote. Alikichukua kile kitabu kwenye meza, akakaa nacho karibu na dirisha, akawa anafunua ukurasa baada ya ukurasa. Baada ya muda akaanza kucheka peke yake.

"Mwanangu, hiki kitabu ni cha wauguzi."

"Mama, hicho ni cha kompyuta."

"Sikiliza. Muulize mgonjwa. Chunguza. Kisia ugonjwa. Jaribu dawa. Hakikisha amepona. Andika kwenye faili. Haya mambo nimeyafanya miaka thelathini na moja! Wamebadilisha mgonjwa tu."

Tangu siku hiyo mama akawa mkufunzi wa pili, na alikuwa mkali kuliko yule wa kwanza. Kila asubuhi kabla Pua hajafungua kibanda chake, mama aliketi kwenye kiti cha plastiki akijifanya mteja. "Fundi, kompyuta yangu imekufa."

"Ngoja nifungue nione."

"Umeshakosea! Mgonjwa akija unampasua tumbo kabla ya salamu? Rudi mlangoni."

Pua alirudi mlangoni mara nne. Mara ya tano uvumilivu ukamwisha. "Mama, mimi si mgeni wa kazi hii. Miaka kumi na tisa!"

Mama akaegemea kile kiti. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Wodini tulikuwa na wagonjwa wawili, vitanda vya jirani, majina yao yanafanana. Nilikwishawazoea. Nikaja na sindano, sikuuliza jina wala sikuangalia faili. Nimeshamshika mkono, akaniambia, 'Sista, mbona leo nachomwa mara mbili?' Ile dawa ya jirani yake ingemuua." Akayapapasa magoti yake. "Wodi nzima walikuwa wananisifu kwa wepesi. Ningekuwa mgeni, ningeuliza. Sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu baba yako."

Pua akarudi mlangoni bila kuambiwa. Kisha akasema, "Haya, mteja karibu. Kompyuta yako imeanza lini kusumbua?"

"Kidogo umenyooka," mama akasema.

Wiki ya tatu, mwanamke mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala alikuja na kompyuta yake, na hasira juu. Ilikuwa inajizimia katikati ya kazi. Pua aliifahamu mashine ile. Mara mbili alikwishaibadilishia kifaa cha kugawa umeme, na kila mara ilirudi. Alishika bisibisi, kisha akaiweka chini.

"Dada, inazima wakati gani hasa?"

"Wakati wowote."

"Wakati inazima, nini kingine kinafanya kazi mle dukani?"

Mwanamke akafikiri. "Mashine kubwa ya nakala. Ndiyo... nikiiwasha ile, hii inakufa. Tangu tuliposogeza meza, zote zinatumia waya mmoja wa kuunganishia."

Walikwenda dukani pamoja. Ule waya ulikuwa wa moto kiasi cha kutoshikika. Pua akauchomoa na kumwambia amwite fundi umeme aiwekee mashine ya nakala soketi ya peke yake. Angeweza kuishia hapo. Akajikaza.

"Dada, mara zile mbili nilikutengenezea kitu kizima. Kosa ni langu. Sikukuuliza."

Mwanamke akaweka mikono kiunoni. "Miezi mitano nahangaika, wateja wananikimbia, kumbe ni swali moja?"

"Ni swali moja."

Mwanamke hakumwambia yaishe. Alimwambia tu kwamba angalau sasa chanzo kimejulikana. Pua akarudi kibandani, akanunua daftari gumu, na kuanzia siku hiyo kila mashine ikawa na ukurasa wake.

Siku ya mtihani wa pili alipiga moyo konde na kupanda zile ngazi. Maswali ya kuchagua aliyasoma mara mbili mbili, taratibu. Kwenye vitendo, msahihishaji aliigiza mteja mkorofi. "Wewe fundi gani, unaniuliza maswali kama polisi? Fungua mashine!"

"Nitaifungua, bosi. Kwanza niambie, mara ya mwisho ilifanya kazi lini?" Pua akauliza, kalamu mkononi. Msahihishaji alimfokea tena, na Pua akauliza tena, kwa adabu ile ile, mpaka akapata jibu. Alivaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli usiharibu vifaa, kitu alichokuwa akikicheka zamani. Alipomaliza, aliandika alichokikuta, alichokifanya, na alivyohakikisha.

Alipata sabini na nne.

Cheti kilipotoka alikwenda nacho hospitali siku hiyo hiyo. Afisa ugavi alikisoma mbele na nyuma, akampongeza kwa moyo, kisha akainamisha kichwa. Kazi ilikwishapewa kampuni nyingine, mkataba wa mwaka mzima. Wasingeweza kumngoja.

Pua alikikunja cheti na kusimama aondoke. Akakikunjua tena kile cheti kwenye meza.

"Nipigie nakala, weka kwenye faili langu. Mwaka ukiisha mtatangaza upya?"

"Lazima tutangaze."

"Basi nitakuwepo."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hadi juu ya duka la rangi na kujiandikisha kozi inayofuata, ya mitandao ya kompyuta. Mkufunzi alimpa kitabu kinene kuliko kile cha kwanza. Jioni alipokiweka mezani, mama yake alikipima uzito kwa mkono mmoja.

"Hiki nacho kina wagonjwa?"

"Wengi, mama. Na wote wanaambukizana."

"Lete kiti," mama akasema. "Tuanze sura ya kwanza."